Kilichobaki Baada ya Kutolewa Kizazi



Kliniki ya magonjwa ya wanawake haiishiwi na kauli hii: "Daktari, mimi nilishatolewa kizazi, kansa itanipatia wapi?" Ukimuuliza mama walimtoa nini hasa, hajui. Cheti alichopewa siku ya kuruhusiwa kina mstari mmoja tu: ameondolewa kizazi, aendelee na dawa za maumivu. Mstari huo haumsaidii yeye wala mimi.

Wengi hutolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe usio saratani, na damu isiyokatika. Daktari akifungua tumbo akakuta nyama zimeshikamana na kibofu, pengine hukata juu na kuiacha shingo ya kizazi. Ni uamuzi wa busara, na umeokoa vibofu vingi. Lakini virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, havina habari kwamba ghorofa ya juu imebomolewa. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mama huyu anapaswa kupimwa sawasawa na jirani yake ambaye hajawahi kuguswa na kisu.

Aliyetolewa kizazi na shingo yake kwa ajili ya uvimbe tu, na vipimo vyake vya nyuma vilikuwa safi, tusimsumbue. Ila kama shingo ilikwisha kuwa na chembe zilizoanza kugeuka kuelekea saratani, hatari hubaki kwenye kuta za uke. Miongozo ya Marekani ya 2019 inataka mwanamke huyo afuatiliwe kwa miaka 25.

Sasa ovari. "Zitoe zote, nipumzike," husema mgonjwa, na wapasuaji wengi tulikuwa tukikubali haraka. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya wauguzi 29,380 wa Marekani waliotolewa kizazi, wakafuatiliwa kwa miaka 24. Waliotolewa na ovari walipata saratani chache za ovari na za matiti. Hata hivyo walikufa zaidi kwa jumla, wakiwamo waliouawa na moyo na saratani ya mapafu. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 42, ambaye ukoo wake hauna historia ya saratani ya ovari wala ya matiti, mimi namwachia ovari zake. Mwenye hitilafu ya jeni za BRCA, inayoongeza hatari ya saratani hizo mbili, ana hesabu nyingine kabisa. Mirija ya uzazi ni habari tofauti: saratani kali nyingi tunazoziita za ovari huanzia humo, ndiyo maana tangu 2010 madaktari wa British Columbia, Kanada, wanahimizwa kuiondoa mirija na kuziacha ovari. Na hata ovari zikitoka, saratani ya aina hiyo huweza, kwa nadra, kuota kwenye utando wa tumbo. Tumbo linalojaa wiki baada ya wiki si gesi mpaka lipimwe.

Lipo jambo dogo linaloniudhi kuliko yote. Kizazi kilichotolewa hutiwa kwenye kopo la fomalini, ndugu akakabidhiwa alipeleke maabara kizazi kikapimwe, na alipie. Fedha zikikosekana, kopo hukaa chini ya kitanda. Ndani yake huenda mna saratani ambayo hakuna aliyeishuku. Gharama ya kipimo hicho iingizwe kwenye bei ya upasuaji, na majibu yawe kwenye faili kabla mama hajarudi kliniki.