Siri za Mwanachama wa Bima Zina Ulinzi wa Sheria

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali, Tukuyu)



Mwalimu wa Kiwira au wa Katumba anapougua na kwenda hospitali ya wilaya, Makandana, hakuna anayeshangaa kumwona akitoa kadi ya bima badala ya fedha. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3, ili yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4 wapate matibabu. Lisilofikiriwa sana ni kwamba pamoja na fedha hizo mtumishi hutoa pia habari zake na za jamaa zake, hata jina la ugonjwa lililoandikwa katika fomu ya madai. Kampuni za bima za magari, za maisha na za mikopo nazo zina nambari ya kitambulisho chake, simu yake na akaunti yake ya benki.

Je, habari hizo zikivuja? Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2015 kampuni ya bima ya afya ya Anthem, nchini Marekani, ilitangaza kwamba wezi wa mitandao walikuwa wamechukua habari za watu karibu milioni 79. Wenye habari walishtaki kwa pamoja, na mwaka 2018 mahakama iliidhinisha suluhu ya dola milioni 115. Lakini katika mji mdogo kama Tukuyu, ambako watu wa sokoni, wa kanisani na wa shuleni ni wale wale, ubaya ni mkubwa kuliko hesabu ya fedha. Fedha zilizoibwa huweza kulipwa. Ugonjwa wa mtu ukishajulikana mtaa mzima, hakuna hukumu iwezayo kuufanya usijulikane.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha. Kwa miaka mingi haki hiyo haikuwa na sheria yake mahsusi, mpaka ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Sheria hiyo inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Inamtaka mkusanyaji azilinde, na ulinzi ukivunjwa aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa.

Hapa pana pengo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka kamishna aarifiwe katika saa 72, na mwenye taarifa naye aandikiwe. Nchini Tanzania mkazo umewekwa katika kuiarifu Tume, hivyo mtumishi anaweza kupata fununu kwanza kwa tapeli anayempigia simu akitaja namba ya bima yake.

Afanye nini mtu huyo? Kwanza asifute ujumbe wowote, na aandike tarehe, saa na namba iliyompigia. Kisha aiandikie kampuni na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa Tume, ambayo hupewa siku 90 za kuchunguza, nazo zaweza kuongezwa. Asiyekubali uamuzi wa Tume ana njia ya Mahakama Kuu. Kampuni ikitiwa hatiani kwa kutoa taarifa kinyume cha sheria, faini yaweza kuwa kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Lakini faini ni ya serikali, si ya aliyeumizwa; yeye inampasa adai fidia, na aonyeshe madhara aliyoyapata.

Wengi hukimbilia kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huyo husaidia zaidi pale kampuni inapokataa kulipa madai. Kwa siri iliyovuja, mlango wa kwanza ni Tume. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima nayo yafaa ipewe nakala, kwa kuwa ndiyo inayotoa leseni za kampuni hizo.

Walimu nao wajitazame. Mwezi Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Ofisi ya shule inayobandika ukutani orodha ya walimu na namba zao za bima haina tofauti kubwa na kampuni iliyozembea.

Mwisho ni suala la muda. Dai la madhara yasiyotokana na mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3, na la kuvunja mkataba ndani ya miaka 6. Kutoka Tukuyu hadi Mahakama Kuu, Mbeya, ni safari ya kilomita 70 hivi. Wanaocheleweshwa na umbali huo ni wachache kuliko wanaocheleweshwa na kutokuwa na karatasi hata moja mkononi.