Stiki ya Mtunza Stoo na Chombo Kisicho na Waya

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula wa shule, Arusha.)

 

Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya utumishi na maendeleo. Namwomba radhi Ndugu Mwenyekiti, kwani hotuba hiyo mmekwisha kuisikia mara nyingi, na nyingine kutoka kwangu mwenyewe. Leo nitazungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho mwaka jana kilikaribia kumlaza mtu rumande.

Mji wetu wa Arusha unaishi kwa magari. Kuanzia Unga Limited hadi Njiro, huendi mbali bila kukuta Land Cruiser ya watalii imeinuliwa na fundi yuko chini yake. Kila karakana ya maana ina tangi la dizeli, mapipa ya oili ya lita 200, na tangi la oili chafu. Zamani vyote hivyo vilipimwa kwa stiki na daftari. Sasa vimekuja vyombo vinavyofungwa juu ya tangi: kichwa cha kupimia kinaingia ndani, na redio ndogo inapeleka habari kwenye kioo cha kompyuta ofisini. Hakuna waya. Ni vyombo vizuri, wala sikuja kuvisema vibaya.

Kazi yangu serikalini hunipeleka kukagua stoo na karakana. Katika karakana moja, ambayo sitaitaja, fundi alitoka Dar es Salaam, akafunga chombo Jumamosi, taa ya kijani ikawaka, akaondoka na basi la jioni. Jumatatu meneja akafungua kompyuta. Tangi lililokuwa na dizeli ya kina cha zaidi ya mita 2 lilionyesha sentimita 20. Mtunza stoo, mzee wa miaka hamsini na kitu, akaitwa mbele ya wenzake, akanyang'anywa funguo. Alisema neno moja tu: "Pandeni mtazame." Hakuna aliyepanda. Kioo kilikuwa na rangi nzuri mno.

Nilifika Jumanne asubuhi, polisi walikwisha pigiwa simu. Nikaazima ngazi, nikachukua stiki ya yule mzee, nikapanda. Dizeli ilikuwapo yote.

Wadogo zangu wa kidato cha tatu, sikilizeni hapa. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha, katika maabara ile ile mnayotumia, kwamba hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi wala si 100, kwa sababu tuko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa inatukandamiza kidogo kuliko watu wa pwani. Tulicheka, tukadhani ndiyo sababu maharage ya shule hayaivi. Sasa, kile chombo kilipima kina kwa kusikia uzito wa dizeli ukikandamiza chini ya tangi. Lakini kilikuwa cha aina iliyozibwa kiwandani, kikalinganisha kila kitu na hewa ya usawa wa bahari. Upungufu wa hewa baina ya pwani na Arusha ni kiasi cha kilopaskali 15 na nusu. Ukiugeuza kuwa dizeli unapata karibu mita 1.9. Hiyo ndiyo dizeli "iliyoibwa". Hesabu yake ni ya ubao mmoja.

Dawa yake ni rahisi. Ama uchague kichwa chenye mrija mwembamba unaopumua hewa ya hapa hapa, na uhakikishe mrija huo haukukunjwa wala kuzibwa na tope. Ama ukipange upya hapa Arusha, kikiwa hewani kisome sifuri, ndipo ukitumbukize. Kisha upime kwa stiki tangi likiwa na mafuta machache, nusu, na likikaribia kujaa, uandike pande zote mbili katika daftari. Fundi asiyekubali kungoja kazi hiyo asilipwe.

Yule mzee alirudishiwa funguo. Kuombwa radhi, sikusikia.

Lakini uongo mkubwa hugunduliwa upesi. Mimi naogopa zaidi ule mdogo. Dizeli hupanda na gari kutoka pwani ikiwa na joto. Tuseme lita 5,000 zimeingia zikiwa na nyuzi 32, kisha zikakaa siku chache katika baridi yetu ya Juni au Julai zikashuka hadi 22. Zitapungua kama lita 40, na hakuna mtu aliyegusa bomba. Lita 40 zinaaminika kabisa kuwa zimeibwa. Ndiyo maana nasema joto la mafuta liandikwe siku ya kupokea, na tena siku ya kuhesabu.

Sasa juu ya kufunga. Nimeona kijana ameshika drili ya umeme anataka kutoboa tangi "tupu" la petroli. Tupu ndilo la kuogopwa, kwa kuwa limejaa mvuke. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi ya kilele cha Meru, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kulala ndani ya shimo analosimama fundi. Tumia tundu lililopo, lile la stiki au la akiba. Lisipokuwapo, kazi hiyo si ya karakana. Ni ya watu wenye vifaa vya kusafisha na kupima mvuke. Bomba la kupumulia la tangi lisizibwe kamwe. Na chombo cha kuingia kwenye petroli kiwe na alama ya Ex, ya ile aina ambayo umeme wake ni mdogo kiasi kwamba hata waya zikigusana cheche haiwezi kuwasha mvuke. Betri yake usiibadilishe juu ya tangi; kitoe, ukapeleke mbali, kwenye hewa safi. Betri nyingine zinafanana kabisa na za tochi lakini ni za volti 3.6, basi usiweke tu yoyote iliyopo dukani.

Redio nayo ina mambo yake. Ukiifungia ndani ya kontena la chuma haisikiki, kama mtu anayepiga kelele ndani ya pipa. Antena ikae nje, wima, mbali na mabati. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutangaza kati ya megahezi 902 na 928, na huku kwetu megahezi 880 hadi 915 ni njia ya simu za mkononi kuongea na mnara. Ndugu yako akikuletea kimoja katika sanduku, kwa nia njema kabisa, usikiwashe. Uliza kwanza Mamlaka ya Mawasiliano kama aina hiyo imeidhinishwa.

Na kuhusu oili chafu: usitegemee redio peke yake kukwambia tangi limejaa. Ujumbe ukipotea, pampu inaendelea, oili inafurika mferejini, na mifereji yetu inaishia Themi na Naura, ambako watu wanamwagilia mboga tunazokula. Pampu ipangwe hivi: ikikosa habari, isimame. Mafundi watanung'unika. Waache wanung'unike.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele inasogezwa karibu nawe, basi nimalize. Mwalimu wa fizikia ameniruhusu nifunge kichwa kimoja cha kupimia kwenye tangi la maji lililo nyuma ya bweni. Nimekileta kama kilivyotoka dukani, bila kukipanga. Kesho saa tatu baada ya chai, wanaotaka waje na kalamu, daftari, na fito moja ndefu iliyonyooka. Fito ikatwe kwa ruhusa ya mtunza bustani, si kama tulivyokuwa tukifanya sisi.