Mtoto Asiyesikia Si Mtoto Mkaidi
Hotuba kwa wazazi na walezi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini yuko mtoto anayeitwa mara tatu asiitike, akitumwa chumvi analeta sukari, darasani yuko kimya, na nyumbani anachapwa kwa ukaidi. Huenda mtoto huyo hakatai kutii. Huenda hasikii.

Mara nyingi chanzo ni maradhi ya sikio la kati, nyuma ya ngoma ya sikio. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sehemu hiyo na nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo mafua hufika sikioni kwa urahisi. Usaha hujaa, sikio huuma, na wakati mwingine ngoma hutoboka. Usaha ukishatoka maumivu hupungua, na hapo wengi hudhani mtoto amepona.

Hajapona. Sikio likitoa usaha kwa siku 14 au zaidi, hayo ni maradhi sugu. Mtoto huanza kupoteza usikivu, na masomo nayo hurudi nyuma.

Daktari wa masikio, pua na koo humulika sikio kwa kifaa chenye taa, husafisha usaha, huandika dawa na kupima usikivu. Hukagua pia pua na koo, kwani mtoto anayekoroma kila usiku na kupumulia mdomo huenda ana nyama zilizovimba nyuma ya pua, zinazoziba ule mrija. Baadhi yao huhitaji upasuaji.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi, mtoto ataandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Likoni au Port Reitz, au Hospitali ya Rufaa ya Pwani kule kisiwani. Barua hiyo isilale kabatini kwa kuogopa foleni ya feri.

Nyumbani, msitie sikioni mafuta wala maziwa ya mama, na msilichokoe kwa kijiti. Fyonzeni usaha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kisha mkitupe. Mtoto asiogelee baharini mpaka sikio lipone.

Akivimba nyuma ya sikio, akiwa na homa kali au shingo ikikakamaa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akitia betri ndogo ya saa puani au sikioni, au akiimeza, msingoje hata saa moja, kwani betri huunguza nyama haraka.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kiboko, simameni nyuma ya mtoto na mmwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, mpelekeni akapimwe masikio.