Wembe Wangu wa Kwanza

Shikeni karatasi zenu, mfuate maneno haya kwa kidole huku mkinisikiliza. Asomaye polepole asione haya. Mimi nitapita, lakini maneno yatamngoja hapa.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya wembe. Sisemi juu ya kiwembe kile chembamba kinachouzwa kimefungwa katika karatasi. Nasema juu ya wembe mrefu wa kinyozi, unaokunjwa ukaingia ndani ya mpini wake. Wazee husema, mtoto akililia wembe, mpe. Basi mtoto huyo nilikuwa mimi, ijapokuwa nilikwisha ota ndevu.

Nilikuwa nimepokea mshahara wangu wa kwanza katika shamba la mkonge, huko Tanga. Kesho yake nikaenda mjini, nikaingia katika duka moja, nikaona wembe wenye mpini mweupe kama jino. Juu ya bapa lake palichorwa maua ya rangi ya dhahabu. Niliuliza bei, nikalipa, nikautia mfukoni. Sikuufungua mara mbili. Njiani niliutoa kila baada ya hatua chache nikautazama tena. Ungalikuwapo ungalinicheka.

Siku zile baba yangu alikuwa mgonjwa, hawezi kwenda kwa kinyozi, na Idi ilikuwa karibu. Akaniomba nimnyoe. Nilifurahi mno. Nikachemsha maji, nikampaka sabuni, nikaanza. Wembe ukavuta ndevu badala ya kuzikata. Nikakaza mkono. Mara damu ikatoka chini ya sikio, kisha kidevuni. Baba hakupiga kelele. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wembe wako ni mzuri wa kutazamwa. Sasa nenda kamwite fundi."

Siku ya Idi wageni walikuja kumwamkia, naye ana vidonda viwili usoni. Kila aliyeuliza aliambiwa kwamba mzee amejikuna usingizini.

Fundi yule alikuwa akinyoa watu chini ya mti karibu na soko. Nilimwendea, nikamwambia, "Shikamoo, mzee," nikampa wembe wangu. Hakutazama mpini hata kidogo. Aliufungua, akaulaza juu ya kipande cha kioo, akainama. Akaniita nami niiname. Nikaona mwanga ukipita chini ya makali, katikati. "Umepinda," akasema. "Unoe mpaka Idi nyingine, makali yake hayatagusa jiwe sawasawa."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Unapotaka kununua wembe wa namna hii, fanya kama fundi yule. Ulaze juu ya kioo au meza iliyonyoka. Mgongo na makali vyote viguse, toka mwanzo hata mwisho. Kisha uelekeze kwenye mwanga utazame makali yake: pengo dogo kama punje ya mchanga linatosha kukukata. Kutu kidogo mgongoni si neno, lakini kutu kwenye makali ni ugonjwa wa ndani, uache wembe huo dukani. Ukunje polepole. Bapa liingie katikati ya mpini bila kugusa upande wowote, kwa kuwa likigusa litajiharibu kila siku.

Tena tazama upana. Mtu anayeanza hufaa kupata wembe wa sehemu tano za nane za inchi, yaani milimita 16 hivi. Mwembamba zaidi hunolewa ukaisha upesi, na mpana zaidi humlemea asiyezoea. Tazama na ncha. Nyembe nyingine zina ncha ya pembe kali, nzuri kwa fundi anayetengeneza mstari wa masharubu. Wewe chagua ncha ya mviringo, masikio yako yapate kupona.

Maandishi yaliyo juu ya bapa pia yana maana, na hii ni faida moja ya kujua kusoma. Miji miwili imesifika kwa nyembe kwa miaka mingi: Sheffield wa Uingereza na Solingen wa Ujerumani. Tangu mwaka 1938 sheria ya Ujerumani imelinda jina la Solingen, lisiandikwe juu ya visu na nyembe za mahali pengine. Lakini mwandikaji mwongo haogopi sheria. Soma jina, kisha ulaze wembe juu ya kioo vilevile.

Kunoa kunahitaji mkono mtulivu zaidi kuliko nguvu. Juu ya kinoo chenye maji, mgongo na makali hulala pamoja, na makali hutangulia. Juu ya ukanda wa ngozi ni kinyume: mgongo hutangulia na makali hufuata, ama sivyo utakata ukanda wako. Fundi alipitisha wembe wake ukandani kabla ya kila kichwa. Kinoo alikitumia mara chache tu.

Kabla ya kunyoa, lainisha ndevu kwa maji ya moto na sabuni. Vuta ngozi kwa mkono mmoja. Mgongo wa wembe uinuke kidogo tu kutoka ngozini. Usikaze mkono kama nilivyofanya mimi. Ukimaliza, kausha wembe na uupake tone la mafuta.

Na jambo moja baba yangu na fundi hawakulijua, lakini sisi tunalijua. Damu isiyoonekana kwa macho, iliyobaki juu ya makali, yaweza kupeleka virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B kutoka mtu hadi mtu. Vile vya homa ya ini huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Kwa hiyo wembe wako usimwazime mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Na ukienda kwa kinyozi, mwambie afungue kiwembe kipya mbele ya macho yako. Akinuna, ondoka.

Fundi alinisaidia kuchagua wembe wa pili, wenye mpini mweusi usio na pambo lolote. Huo ndio niliomnyolea baba mpaka alipofariki, na baadaye niliutumia mwenyewe hata ukawa mwembamba kwa kunolewa. Ule wa mpini mweupe ninao bado. Mke wangu huutumia kufumulia nguo, na maua yake ya dhahabu hayajafutika.

Sasa chukua kalamu na daftari. Andika sentensi tano juu ya kitu cha kwanza ulichonunua kwa fedha yako mwenyewe: ulikichaguaje, nani alikucheka au kukusaidia, na kiko wapi leo. Mpe mwalimu wako asome. Kwaherini.