Kuvua kwa Ndoana: Kutoka Tanga hadi Lamadi

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Bariadi, usiku wa kuamkia safari ya Lamadi.)



Nimepewa dakika 20 nizungumzie uvuvi wa burudani baharini, kwa kuwa Kamati inafahamu nilikaa Tanga miaka 19, nikitunza vitabu vya hesabu siku za kazi na kuvua siku za Jumamosi. Nadhani Kamati ilitaka pia kuwachekesha kidogo. Mnyantuzu, mtu wa ng'ombe, pamba na choroko, anasimama mbele ya watu kueleza habari za jodari! Chekeni tu. Watu wa Tanga walicheka kabla yenu, tena walinicheka nikiwa ndani ya ngalawa, nimeshika ubao kwa mikono miwili na mshipi nimeuacha ukijiendea wenyewe.

Kuvua kwa burudani ni kuvua bila kumtegemea samaki kwa mlo wala kwa biashara. Mtu ana kazi yake na mshahara wake, lakini siku ya mapumziko anachukua mshipi na ndoana anakwenda majini. Akipata, nyumbani watakula. Asipopata, anarudi na uso ulioungua jua na hadithi ndefu. Katika pwani yetu mchezo huu ulipata sifa zamani. Mwaka 1934 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi, na tangu hapo wageni hawajakoma. Lakini wasiwadanganye kwamba mshipi waliuleta wao. Mzee wa pwani alikuwa akiburuta mshipi nyuma ya chombo chake kinachotembea, kazi ambayo wenyewe huiita kurambaza, kabla mgeni wa kwanza hajashuka na fimbo yake yenye gurudumu la kukunjia mshipi.

Sababu ya samaki wakubwa kuja karibu na nchi kavu upande wa Tanga ni kina cha maji. Kati ya Kisiwa cha Pemba na bara pana mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na samaki wa bahari kuu hupita humo kama ng'ombe wapitavyo katika njia ya kwenda lamboni. Humo kuna nguru, jodari, kolekole, mzia mwenye meno ya kutisha, na wale wafalme wenye pua ndefu kama mkuki, sulisuli na nduaro. Kaskazi inapovuma, Desemba mpaka Machi, bahari huwa na nafasi na wavuvi wa burudani hujaa. Kusi ikishika nguvu, hasa Mei hadi Julai, mwenye chombo kidogo hukaa pwani akatengeneza nyavu. Kule Watamu na Malindi, Kenya, wavuvi wengi wa mchezo huu humfunga sulisuli alama yenye namba kisha wakamwachia, ili akivuliwa tena mahali pengine ijulikane amesafiri umbali gani. Nilipomweleza jambo hilo marehemu baba yangu, aliniuliza kama mshahara wetu ulikuwa umeongezwa sana.

Maji ya Tanga yana ajabu nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa huko wamekuwa wakinasa katika majarife yao samaki aitwaye silikanti, ambaye wataalamu wa dunia waliamini kwamba ukoo wake ulikwisha mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 Serikali ilitenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ningeweza kukesha nikizungumzia samaki huyo, lakini Mwenyekiti ameanza kutazama saa.

Nataka nitumie muda uliobaki kueleza jambo moja nililojifunza baharini, nalo ni upepo.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa Sahare, mvuvi wa ngalawa. Alinikubali kwa sharti kwamba kwa mwezi mzima nisiguse mshipi. Kila alfajiri alinikalisha mchangani akaniuliza: upepo unatoka wapi? Maji yanakupwa au yanajaa? Leo ni bamvua au maji mafu? Siku za bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mahali ulipoelea maji yakiwa yamejaa, yakikupwa panaweza kuwa mwamba mkavu. Basi akanionyesha kwamba kabla ya mapambazuko upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini. Ule wanauita umande. Wavuvi hutweka matanga na kutoka nao bila jasho. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka baharini, nao ndio unaowarudisha. Akaniambia, "Mwanangu, umande ni mkarimu wa kukutoa. Kabla hujapanda muulize, nani atakurudisha?"

Nilipoyasikia maneno hayo niliinuka nikaenda kukaa peke yangu. Mzee akadhani nimeudhika. Sikuwa nimeudhika. Nilikuwa nimekumbuka Lamadi.

Wengi wenu mnalijua jambo hili kwa mbali, na shuleni tulilizungumza kwa kunong'ona. Leo nitalieleza, maana kesho tunakwenda pale pale.

Ilikuwa likizo ya Desemba mwaka 1979. Wakati huo Bariadi ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, na Lamadi ilikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Huu Mkoa wetu wa Simiyu na Wilaya ya Busega vimezaliwa mwaka 2012. Tulikuwa watatu, wote wa kidato cha tatu. Mmoja ni mimi. Wa pili yumo humu ukumbini, safu ya pili, na amenipa ruhusa. Wa tatu alikuwa mwenyeji wa kando ya ziwa, na mtumbwi ulikuwa wa mjomba wake. Jina lake silitaji, wanaomkumbuka wanamkumbuka.

Tuliondoka saa kumi usiku. Sisi wawili tuliokulia kwenye mto unaokauka, tukichimba kambare katika matope ya kiangazi, tuliona Ghuba ya Speke imelala kama uji uliopoa. Hofu yetu yote ilikuwa viboko wa pembeni. Tulipokwisha wapita tukasema hatari imekwisha. Upepo mwororo ulitoka nyuma yetu, upande wa nchi kavu, ukatusukuma. Hatukupiga kasia hata kidogo, na tukafurahi! Sato walikula vizuri. Kila tulipotaka kugeuka, mmoja alivuta samaki, tukasema bado mmoja.

Kulipopambazuka pwani ilikuwa mstari mwembamba. Upande wa magharibi lilisimama wingu jeusi. Leo naelewa kilichokuwa kikitendeka. Usiku nchi kavu hupoa na maji ya ziwa hubaki na joto, basi pepo za kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati, hewa hupanda, na radi huzaliwa. Ndiyo maana dhoruba kubwa za Ziwa Viktoria hupenda usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo mtu wa bara huona maji yametulia. Upepo uliotutoa kwa upole ulikuwa unakwenda kulisha lile wingu. Sisi tulikuwa na kasia mbili na kopo la kuchotea maji.

Mtumbwi ulipinduka. Sisi tusiojua kuogelea tukaung'ang'ania kwa woga tu, wala msidhani ilikuwa akili. Mwenzetu alikuwa muogeleaji hodari kuliko wote shuleni. Akasema, "Kaeni hapo, nakwenda kuita watu." Wavuvi walituokota sisi wawili yapata saa nne asubuhi. Yeye alionekana siku ya tatu.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia mzee wa Sahare. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema chombo kilichopinduka bado ni chombo. Ubao unaonekana kwa mbali. Kichwa cha mtu peke yake kati ya mawimbi hakionekani hata hatua mia. Hodari ndiye hukiacha chombo, kwa sababu anajiamini. Nilimwuliza angefanya nini kama angekuwa nasi. Akasema, "Nisingekuwa nanyi. Ningetazama wingu la jana yake jioni nikalala."

Ndugu zangu, nasikia mipango ya kesho ikizungumzwa kama ya pikiniki. Nimesikia pia mtu akisema ziwa si bahari. Ni kweli, ziwa halina bamvua. Lakini ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na lilichukua mamia ya watu wetu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, kisha zaidi ya 200 katika MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Zile zilikuwa meli na kivuko. Sisi tutakuwa katika boti mbili za mbao.

Kamati iliponiomba niongoze safari, nilitoa masharti, na Mwenyekiti ameniruhusu niyaseme hadharani. Hatutoki usiku, tutaingia majini saa mbili asubuhi, baada ya mimi na nahodha kuyatazama mawingu pamoja na kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutolewa pia kwa maziwa. Wingu likisimama, tutavua kwa maneno hotelini. Kila mtu atavaa jaketi la kuokolea, na kulivaa maana yake ni kulifunga kamba. Kulikalia kama mto hakuhesabiki. Chupa zenu mtaziacha kwenye gari mpaka tutakaporudi. Saa tano tunageuza, hata kama sangara wa ukubwa wa mlango ameshika ndoana ya Mheshimiwa yeyote. Sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika 25 tutawarudisha majini, maana sheria haiulizi kama mvuvi ni mstaafu.

Walioandikishwa ni 23. Majaketi yaliyopatikana mpaka jioni hii ni 16. Kwa hiyo watakaoingia ni 16, pamoja na manahodha wawili ndani ya hesabu hiyo, na waliobaki watavulia kutoka kwenye mawe ya pwani, ambako nami niliwahi kupata samaki wazuri. Najua kuna waliokwisha nung'unika. Waje wanung'unike kwangu.

Jambo la mwisho ni la njia yetu. Mama wa mwenzetu bado yu hai, ni mkongwe sana, anakaa karibu na Lamadi. Juzi nilikwenda kumwamkia na kumwomba radhi kwamba tunakwenda kucheza katika maji yale. Nikamwahidi samaki. Akasema samaki hahitaji. Ametaka tupite kwake asubuhi atuhesabu, na tupite tena tukirudi. Basi magari yataondoka hapa saa kumi na moja alfajiri, ni kilomita zaidi ya 70, na kwa mama tutashuka sote. Leteni kofia na masweta. Chambo ninacho mimi.