Fasheni ya Msimu na Umri Wetu



Leo tuongee habari za cherehani zetu za nyumbani hapa Mackinnon Road. Idd na Krismasi zikikaribia, Biashara Street kule Mombasa hujaa vitambaa vipya. Sisi tuliovuka miaka 40 twajiuliza: tuikimbilie fasheni, ama tuiache?

Tusione haya kupendeza. Dera halibani, humfaa msichana na nyanya. Mtindo mwingine tuuchukue kidogo, pengine shingo au mkono tu. Na miili tuipime upya: vipimo vya mwaka wa harusi si vya leo!

Lakini pesa za kikundi zisiishie kwenye majora ya msimu. Msimu ukipita, kitambaa hubaki sandukuni na deni mlangoni. Tushone nguo moja ya mfano, tupokee arubuni, ndipo tukate nyingine. Mkopo tuulipe kwa yunifomu za shule, ambazo hazifuati fasheni.

Tena macho. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, kutunga sindano kukawa taabu. Si uchawi wala uvivu. Tupimwe, tuvae miwani, kazi ndogondogo tuzifanye mchana.

Mkirudi vikundini, jadilianeni: msimu uliopita, nguo ngapi zilibaki bila mnunuzi?