Kabla ya Kuuza Shamba, Tuijue Viza

Hotuba ya Kamati ya Elimu katika harambee ya mwaka



Kila mwaka tukisimama hapa tunazungumzia madawati, matundu ya vyoo na ada za sekondari. Leo tunaomba dakika chache kwa jambo jingine. Watoto wa Ilula wameanza kupata nafasi za kusoma nje ya nchi, na wazazi tumeanza kuuza mashamba ili waende. Hatukatai. Tunachoomba ni kwamba shamba lisiuzwe kwa ajili ya viza isiyo sahihi.

Tunaye kijana wetu mmoja, jina tunalihifadhi. Fedha za msimu mzima wa nyanya, pamoja na kipande cha shamba la vitunguu, zilikabidhiwa kwa wakala aliyesema, "Aondoke na viza ya matembezi, akifika atabadilisha." Kijana alifika. Chuo kikakataa kumsajili, siku zake zikaisha, akarudi. Shamba halikurudi. Nasi kamati tunakiri kosa letu: familia ilikuja kuomba mchango, tukachanga, bila hata mmoja wetu kuuliza viza ile ni ya nini.

Tangu hapo tumejifunza jambo moja: viza hufuata shughuli unayoiendea. Chuo kwanza, barua ya chuo pili, viza tatu. Anayeanza na viza ameanza mwisho.

Tuanze na Ujerumani. Viza ya matembezi ya Schengen ni ya siku 90 tu, na aliyeingia nayo hawezi kuigeuza kuwa ya masomo akiwa kule kule. Atarudi nyumbani kuomba upya. Anayekwenda chuo kikuu huomba viza ya masomo, na kwa kawaida huonyesha fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu: euro 11,904 kwa mwaka, akiruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Lakini iko njia nyingine ambayo wengi hatuijui, ya mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung, kama uuguzi au ufundi. Huyu anaombewa viza tofauti, analipwa posho akiwa mafunzoni, ila lazima ajue Kijerumani kabla ya kuondoka. Kwa baadhi ya watoto wetu, njia hii inafaa kuliko chuo kikuu.

Uingereza, kozi ya shahada inahitaji viza ya mwanafunzi, na haiombwi mpaka chuo chenye kibali cha serikali yao kitoe namba ya uthibitisho iitwayo CAS. Fedha zinazotakiwa zikae benki siku 28 mfululizo, kwa hiyo kukopa kwa jirani usiku wa kuamkia maombi hakusaidii. Anayekaa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu kwanza. Na tangu Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuandamana na mume, mke au watoto. Anayebainika kuwasilisha nyaraka za kughushi anaweza kufungiwa miaka 10.

China wana viza mbili: X1 kwa masomo ya zaidi ya siku 180, X2 kwa yasiyozidi hapo. Mwenye X1 lazima aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu aingie. Wapo wanaodhani viza peke yake inatosha.

Marekani, viza za masomo ni F, M na J, lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2026 nchi hiyo imesitisha kuzitoa kwa Watanzania walio wengi. Atakayekuja kuwaambia leo kwamba anayo njia ya mkato, msimpe hata nauli ya bodaboda. Sheria hizi hubadilika. Ulizeni ubalozi wenyewe kabla ya kulipa chochote.

Na hapa nyumbani tusiiruke TCU. Wao hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndio watakaotambua shahada yake akirudi. Chuo wasichokitambua kinaweza kumrudisha mtoto na cheti kisichomwajiri.

Sasa ombi letu. Tunaanzisha mfuko wa kulipia yale yanayowakwamisha waliokwisha kupata chuo: pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000, kipimo cha afya, ada ya viza, na nauli ya basi hadi Dar es Salaam kwenye balozi. Sharti ni moja, na tunajiwekea sisi wenyewe: hatutatoa hata senti kabla hatujaiona barua ya chuo na kuwasiliana na chuo chenyewe.

Wanachama mlioko nje, tunaomba zaidi ya fedha. Mkitumiwa barua ya chuo, isomeni, pigeni simu, mtwambie ukweli hata kama unauma. Mzazi heri alie kabla ya kuuza shamba kuliko baada.

Karibuni kwenye meza ya michango. Mungu ibariki Ilula.